Vipigo viwili vya Kentucky: kimoja kilipandishiwa jezi, kingine kikamng'oa kocha

Usiku wa Machi 21, 2024, jijini Pittsburgh, kijana wa miaka 24 aitwaye Jack Gohlke alirusha mpira mara 20 kutoka nje ya mstari wa pointi tatu. Mara 10 ulizama kikapuni. Hakujisumbua kuingia ndani ya mstari kutafuta pointi mbili. Kati ya pointi zake 32, mbili tu zilitokana na mitupo ya adhabu. Msimu uliotangulia alikuwa akichezea Hillsdale, chuo kidogo cha Michigan kilicho daraja la pili la michezo ya vyuo. Timu yake mpya, Oakland, nayo ni ya Michigan, wala haihusiani na mji wa Oakland kule California. Katika mashindano ya taifa ya kikapu ya vyuo, ilipangwa namba 14 kwa ubora katika kanda yake. Waliokuwa mbele yake ni Chuo Kikuu cha Kentucky, namba 3, mabingwa wa Marekani mara nane.

Oakland 80, Kentucky 76.

Wiki tatu hazikutimia, John Calipari, aliyeinoa Kentucky kwa misimu 15 na kushinda mechi zaidi ya 400, akawa kocha wa Arkansas. Hakufukuzwa. Mkurugenzi wa michezo wa chuo, Mitch Barnhart, alikuwa ameshatangaza kwamba kocha anabaki, na kuuvunja mkataba wake kungegharimu takriban dola milioni 33. Aliondoka kwa hiari yake. Lakini siamini hata kidogo kwamba angeondoka kama mashabiki wangekuwa bado upande wake. Walishamchoka, naye alijua. Alipoaga alisema mwenyewe kwamba pengine timu inahitaji kusikia sauti nyingine.

Ukiisoma habari hii harakaharaka utasema mashabiki hawa wamelewa ushindi, hawajui kufungwa. Sivyo. Mashabiki hao hao wana kipigo kingine, kichungu kuliko hicho cha Oakland, ambacho wamekitunza kwa zaidi ya miaka 30 kama watu wanavyotunza picha ya harusi ya wazazi wao. Waliofungwa siku ile waliheshimiwa kuliko mabingwa wengi. Tukiviweka vipigo hivyo viwili pamoja, ndipo tutakapoelewa shabiki wa timu ya chuo huumia kwa ajili ya nini hasa. Nadhani jibu haliko kwenye ubao wa matokeo.

Jimbo lenye timu moja

Kentucky haina timu ya NBA. Haina timu ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, wala ya besiboli ya ligi kuu. Zamani ilikuwepo Kentucky Colonels ya Louisville, kwenye ligi ya ABA, lakini ligi ile ilipomezwa na NBA mwaka 1976 Colonels ikafa. Kwa hiyo mpenzi wa kikapu jimboni humo ana vyuo tu: Louisville wavaao nyekundu, au Kentucky wavaao bluu. Ukishatoka nje ya jiji la Louisville, bluu ndiyo inayotawala, kuanzia mashamba ya farasi ya Lexington hadi milima ya makaa ya mawe upande wa mashariki.

Aliyeijenga timu hiyo ni Adolph Rupp, kocha kuanzia 1930 hadi 1972, aliyeshinda mechi 876 na ubingwa mara nne. Ukumbi wa nyumbani, uliofunguliwa mwaka 1976 katikati ya Lexington, unaitwa Rupp Arena na unaingiza watu zaidi ya 20,000. Historia hiyo ina doa lisilofutika. Mwaka 1966 timu ya Rupp, weupe watupu, ilifungwa fainali 72 kwa 65 na Texas Western iliyoanza na wachezaji watano weusi, na ilichukua miaka mingine hadi Kentucky kumsajili Tom Payne, mchezaji wake wa kwanza mweusi. Tunaposema jimbo zima liliipenda timu hii, tukumbuke kwamba wapo waliofungiwa mlango wake kwa miongo kadhaa.

Kwa waliokaribishwa, timu ilikuwa sauti kabla haijawa picha. Cawood Ledford, mzaliwa wa Harlan, wilaya ya wachimba makaa ya mawe, alitangaza mechi za Kentucky redioni tangu 1953 hadi 1992. Migodi ilipopunguza watu, familia nyingi za milimani zilihamia Ohio na Michigan kutafuta kazi viwandani. Walikoenda, jioni za majira ya baridi, waliendelea kuinasa redio ya Louisville iliyosikika mbali usiku, wakamsikia mtu wa kwao akiitangaza timu ya kwao. Mtoto aliyezaliwa Detroit akajikuta ni mtu wa Kentucky kwa sababu ya redio ya baba yake.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kipigo kuuma hivi. Mwanafunzi hukaa chuoni miaka minne akaondoka. Wengi wa mashabiki hawa hawakusoma chuoni hapo hata siku moja. Kwao timu inawakilisha jimbo linalochekwa na wengine kwa umaskini wake na lafudhi yake, na ambalo katika jambo hili moja linaweza kumtazama yeyote machoni.

Sekunde 2.1

Sasa twende Philadelphia, ukumbi wa Spectrum, Machi 28, 1992. Robo fainali ya taifa. Kentucky dhidi ya Duke, mabingwa watetezi. Dakika 40 zimekwisha kwa sare, na muda wa nyongeza nao unayoyoma. Sean Woods wa Kentucky anarusha mpira wa kubabatiza, unagonga ubao na kuingia: Kentucky 103, Duke 102. Zimebaki sekunde 2.1.

Duke wana mpira, lakini uko upande wa pili kabisa wa uwanja. Kocha wa Kentucky, Rick Pitino, anaamua kutomweka mtu wa kumsumbua Grant Hill anayeurudisha mchezoni. Hill anaurusha juu kwa mkono mmoja, unavuka karibu uwanja mzima. Christian Laettner anaudaka akiwa amekipa kikapu mgongo, anadunda mara moja, anageuka, anarusha. Unaingia. Duke 104, Kentucky 103. Usiku ule Laettner alirusha mara 10 akafunga zote 10, na mitupo ya adhabu 10 akafunga yote 10. Mapema alikuwa amemkanyaga kifuani mchezaji wa Kentucky, Aminu Timberlake, aliyekuwa amelala sakafuni, na hakutolewa. Kuna watu Kentucky ambao hadi leo huwezi kulitaja jina la Laettner sebuleni kwao.

Ilikuwa pia mechi ya mwisho ya Kentucky kutangazwa na Ledford.

Zingatia kosa la benchi. Kumwacha Hill bila mtu ni uamuzi uliojadiliwa hadi umechakaa. Kama hasira ya mashabiki ingefuata makosa ya kiufundi peke yake, Pitino angesulubiwa. Badala yake, siku 10 baadaye, chuo kilipandisha darini mwa Rupp Arena jezi za wachezaji wanne waliokuwa wanamaliza: Woods, Richie Farmer, John Pelphrey na Deron Feldhaus. Si mabingwa. Hawakufika hata nusu fainali. Jezi zao ziliwekwa pamoja na za magwiji.

Sababu iko miaka mitatu nyuma. Mwaka 1989 Kentucky ilikutwa na uvunjaji mkubwa wa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ikiwemo kashfa ya bahasha iliyokutwa na dola 1,000 ikipelekwa kwa familia ya mchezaji. Ikafungiwa mashindano ya mwisho wa msimu kwa miaka miwili, na mwaka mmoja mechi zake hazikuonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Wenye vipaji vikubwa waliondoka. Hawa wanne, watatu wao wazaliwa wa Kentucky, walibaki kwenye timu isiyo na pa kwenda. Walipofika Philadelphia walikuwa wameshalipa deni ambalo hawakulikopa wao. Farmer, kijana wa Manchester huko milimani, baadaye alichaguliwa kuwa kamishna wa kilimo wa jimbo, na sidhani kama kuna aliyeuliza sana anajua nini kuhusu mahindi.

Kumbe basi kufungwa si kosa. Shabiki anauliza: waliofungwa walikuwa watu wa aina gani kwetu, na tuliambiwa tutegemee nini?

Ahadi ya Calipari

Tangu drafti ya mwaka 2006, yaani zamu ya kila mwaka ya timu za NBA kuchagua wachezaji wapya, NBA haimchukui kijana aliyetoka moja kwa moja sekondari. Lazima awe na umri wa miaka 19 na mwaka mmoja uwe umepita tangu wenzake wa darasa wamalize shule. Kwa hiyo vijana bora wa nchi hupita chuoni mwaka mmoja, kisha huondoka. Makocha wengi waliiona hali hiyo kama balaa. Calipari, alipofika Kentucky mwaka 2009, aliifanya kuwa mfumo. Alisajili vijana wanne au watano bora kila mwaka, akawaaga, akasajili wengine.

Ilifanya kazi, tusidanganyane. John Wall alichaguliwa wa kwanza katika drafti ya 2010. Mwaka 2012, Anthony Davis akiwa mwaka wa kwanza, Kentucky ikatwaa ubingwa, naye akachaguliwa wa kwanza. Mwaka 2015 ilikuwa na Karl-Anthony Towns na Devin Booker, ikashinda mechi 38 mfululizo bila kupoteza, kisha ikafungwa na Wisconsin 71 kwa 64 katika nusu fainali. Baada ya hapo chini ya Calipari haikurudi tena nusu fainali.

Mfumo huo ulibadilisha mkataba usioandikwa kati ya timu na jimbo. Shabiki aliombwa aachane na ile raha ya kumwona kijana akikua kwa miaka minne, kumjua mama yake, kumwona akikosea mwaka wa kwanza na kuokoa mechi mwaka wa nne. Badala yake alipewa ahadi: hutawajua vizuri hawa vijana, lakini utashinda. Ukishafanya biashara ya namna hiyo, ushindi ukikatika hakuna kinachobaki mezani. Timu ya 1992 ilipofungwa, shabiki alibaki na watu. Timu ya mwaka mmoja ikifungwa, wachezaji wake wanawaza drafti, na shabiki anabaki na matokeo.

Wakati huo huo dunia ya vyuo ilibadilika. Kwa sababu ya janga la korona, NCAA iliwapa wachezaji wa msimu wa 2020/21 mwaka mmoja wa ziada. Mwaka 2021 ikaruhusu mchezaji kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na kuanzia Julai 1 mwaka huo wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Ghafla uwanjani wakajaa wanaume wa miaka 23 na 24 waliokomaa, wanaojua kucheza kwa subira. Kentucky iliendelea kusajili vijana wa miaka 18 na 19.

Matokeo yakaanza kuongea. Msimu wa 2020/21 ulikuwa wa ushindi 9 na vipigo 16. Mwaka uliofuata timu ikafufuka, na aliyeibeba ana uhusiano na sisi tusomao Kiswahili: Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi. Alikuwa amehamia kutoka West Virginia, na mwaka 2022 alitwaa tuzo za mchezaji bora wa vyuo wa Marekani nzima. Machi 17, 2022, jijini Indianapolis, alifunga pointi 30 na kudaka ribaundi 16, yaani mipira iliyokosa kikapu, dhidi ya Saint Peter's, chuo kidogo cha Wajesuiti cha Jersey City kilichopangwa namba 15. Haikutosha. Wenzake walikwama, muda wa nyongeza ukafika, Saint Peter's wakashinda 85 kwa 79. Calipari peke yake alikuwa analipwa zaidi ya dola milioni 8 kwa mwaka. Bajeti nzima ya kikapu ya Saint Peter's haikufika hata nusu ya mshahara huo. Saint Peter's wakaendelea kuwatoa Murray State na Purdue, wakawa namba 15 wa kwanza katika historia kufika robo fainali.

Hasira zilikuwa kubwa usiku ule, lakini tazama zilivyogawanywa. Tshiebwe hakuguswa. Alirudi msimu mwingine akapokewa kwa shangwe. Alikuwa amefanya yale waliyoyafanya wale wanne: alijitoa mpaka tone la mwisho, na kila aliyekuwa ukumbini aliliona hilo.

Miaka miwili baadaye ikaja Oakland. Reed Sheppard, kijana wa London, mji mdogo wa Kentucky, ambaye baba yake Jeff alikuwa mchezaji bora wa nusu fainali na fainali za 1998, alimaliza na pointi 3. Miezi mitatu baadaye Houston ikamchukua wa tatu katika drafti. Mwenzake Rob Dillingham akachukuliwa wa nane. Aliyefunga pointi 27 kwa Kentucky usiku ule alikuwa Antonio Reeves, mtu mzima wa mwaka wa mwisho aliyehamia kutoka chuo kingine. Gohlke hakuitwa na timu yoyote katika drafti hiyo. Kwa mizani ya vipaji vya baadaye Kentucky ilikuwa mbali sana. Kwa mizani ya usiku ule mmoja, waliokomaa walishinda.

Baada ya mechi Calipari alieleza kwamba amefundisha timu changa maisha yake yote na kwamba itamwia vigumu kubadilika. Nadhani sentensi hiyo ilimgharimu kuliko pointi nne alizofungwa. Shabiki alisikia kwamba yale mapatano yaliyokwisha kumchosha yataendelea.

Mechi moja si kipimo, na moyo haujali

Haki itendeke kwa kocha kidogo. Mashindano haya ya Machi yana timu 68, na ukifungwa mara moja umetoka. NBA hukutanisha timu hadi mara saba ili aliye bora ajitokeze. Vyuo vinaamuliwa kwa dakika 40. Katika muda huo, mrushaji mmoja wa pointi tatu aliyeamka vizuri anaweza kuvuruga hesabu zote. Namba 1 wameshafungwa na namba 16 mara mbili: Virginia na UMBC, 74 kwa 54, mwaka 2018, na Purdue na Fairleigh Dickinson, 63 kwa 58, mwaka 2023. Virginia ilimbakiza Tony Bennett ikawa bingwa mwaka 2019. Purdue ilimbakiza Matt Painter ikafika fainali ya 2024. Aibu hizo zilikuwa kubwa kuliko ya Oakland, na makocha walisimama. Kwa nini? Kwa sababu Bennett na Painter walijenga kwa wachezaji wa kukaa. Siku iliyofuata aibu, shabiki aliona sura zile zile zikirudi mazoezini kurekebisha.

Watafiti wameliangalia jambo hili kwa karibu. Daniel Wann, mwanasaikolojia wa Murray State, chuo kilicho Kentucky hiyo hiyo, pamoja na Nyla Branscombe walitengeneza mwaka 1993 kipimo cha maswali saba kinachoonyesha ni kwa kiasi gani mtu ameifanya timu kuwa sehemu ya nafsi yake. Wanaopata alama za juu kwenye kipimo hicho huwa vigumu kwao kuiweka timu pembeni inapofungwa. Mwaka mmoja kabla, Edward Hirt na wenzake walichapisha utafiti waliowafanyia wanafunzi wa Indiana, jimbo jirani lenye wazimu ule ule wa kikapu. Waliwaonyesha mechi za timu yao, kisha wakawauliza wanadhani watafanyaje katika mambo yasiyohusiana kabisa: kupanga herufi zilizovurugwa, kurusha vishale, hata kumwomba mtu mwenye mvuto watoke pamoja. Timu ikifungwa, mashabiki walijishushia makadirio yao wenyewe. Kipigo cha watu watano uwanjani kilimfanya kijana kwenye kiti ajione hawezi kutongoza.

Kinachoumiza zaidi ni pengo kati ya kilichotegemewa na kilichotokea. Wachumi David Card na Gordon Dahl, katika utafiti wa 2011 kuhusu mpira wa Kimarekani wa NFL, waligundua kwamba timu iliyotabiriwa kushinda ikifungwa, ukatili wa wanaume dhidi ya wake na wapenzi wao majumbani hupanda kwa takriban asilimia 10. Timu iliyotabiriwa kufungwa ikifungwa, ongezeko hilo halionekani. Huko Louisiana, Ozkan Eren na Naci Mocan walikuta majaji wa watoto wakitoa adhabu ndefu zaidi wiki ambayo timu ya mpira wa Kimarekani ya LSU, chuo kikuu cha jimbo hilo, imefungwa mechi iliyotarajiwa kushinda, hasa majaji waliosoma LSU wenyewe. Mtoto aliyesimama kizimbani hakuwa amecheza.

Tafiti hizi zinanisumbua kuliko kelele zote za redioni. Mara nyingi huzuni ya shabiki huchukuliwa kama mchezo ndani ya mchezo, jambo la kuchekewa. Lakini inapomfikia mke, mtoto au mshtakiwa, si burudani tena. Kentucky nayo ina sura yake ya aibu hapo. Mwaka 2017, baada ya kutolewa na North Carolina 75 kwa 73, baadhi ya mashabiki walimwandama mmoja wa waamuzi. Waliisaka biashara yake binafsi katika jimbo jingine, wakaizamisha kwa simu na maoni ya uongo ya wateja ambao hawakuwahi kuwa wateja, na vitisho vikafuata. Hakuna upendo wa jimbo unaohalalisha hilo.

Na sasa kuna kamari. Mahakama Kuu ya Marekani ilifungua mlango wa kubashiri michezo Mei 2018, na Kentucky ikahalalisha kuanzia Septemba 2023, miezi michache tu kabla ya Oakland. Anayemtukana kijana wa miaka 19 usiku wa manane huenda hana habari na bluu wala nyekundu. Amepoteza pesa kwa sababu kijana hakufikisha ribaundi alizobashiriwa. NCAA imekuwa ikizisihi serikali za majimbo zipige marufuku ubashiri wa takwimu za mchezaji mmoja mmoja wa chuo, na kwa maoni yangu ina haki kabisa. Hasira ya shabiki wa kweli ina mpaka, kwa sababu kesho atahitaji kuwapenda tena wale wale aliowakasirikia. Hasira ya mbashiri haina kinachoizuia.

Basi lililoingia Rupp Arena

Calipari alipoondoka, mashabiki walitaka jina kubwa. Walitajwa Dan Hurley wa Connecticut na Scott Drew wa Baylor. Akaja Mark Pope wa Brigham Young, ambaye hakuwa ameshinda hata mechi moja ya mashindano ya Machi akiwa kocha. Manung'uniko yalikuwa makali, lakini ya saa chache. Pope alikuwa nahodha wa Kentucky ilipotwaa ubingwa wa 1996. Aprili 14, 2024, siku ya kumtambulisha, Rupp Arena ilijaa watu hadi wengine wakakosa nafasi, naye akaingia kwa basi pamoja na wenzake wa zamani, mkononi kombe.

Hapa ndipo maelezo rahisi yanapokwama. Timu ya kwanza ya Pope haikuwa na mchezaji hata mmoja wa ufadhili wa masomo aliyebaki kutoka msimu uliopita. Wengi walikuwa wahamiaji, wazee wa vyuo vingine, waliokuja kwa mwaka mmoja. Kwa hesabu ya miaka ya kukaa, walikuwa wageni kuliko vijana wa Calipari. Hata hivyo walipendwa. Nadhani ni kwa sababu kocha aliijua hadithi ya jimbo bila kuelezwa, na akaiweka ndani ya timu: akamchukua Travis Perry, mfungaji bora wa muda wote wa sekondari za Kentucky, na Trent Noah wa Harlan, wilaya ile ile ya Ledford. Pia waliwapiga Duke, Gonzaga na Florida, na Tennessee mara mbili.

Februari 1, 2025, Calipari alirudi Rupp Arena na Arkansas. Alizomewa kwa nguvu, kisha akashinda 89 kwa 79. Machi 28, Tennessee iliitoa Kentucky kwa pointi 13, 78 kwa 65, katika raundi ya timu 16. Ni tofauti kubwa kuliko ile ya Oakland. Hakuna aliyedai kichwa cha Pope. Msimu ulikuwa umetoa zaidi ya ulivyoahidi.

Subira hiyo haitakaa milele, na kinachoweza kuimaliza kimeshaingia. Tangu Julai 1, 2025, baada ya suluhu ya mahakamani, vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa mwaka wa kwanza hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa michezo yote. Naona ni haki kwa vijana waliotajirisha wengine kwa miaka mingi. Ila shabiki anayelipia tiketi na kuombwa achangie mfuko wa wachezaji anaanza kuuliza maswali ya mwajiri: huyu analipwa kiasi gani, na ametuletea nini? Wanne wa 1992 walisamehewa kwa sababu ya walichokitoa bila kulipwa. Mchezaji wa leo akikosa mtupo wa mwisho, kuna watu jukwaani wanaojua bei yake.